Samaki Niliyemnakili

Wiki tatu zilizopita nilirudisha kiwandani funguo mbili, koti jeupe lenye doa la kahawia kifuani, na kikokotoo ambacho kitufe chake cha saba kilikufa sijui lini. Mtunza stoo aliandika kila kitu, akanipa kalamu niweke sahihi, akauliza kama kuna kingine. Nikasema hakuna. Ulikuwa uongo, lakini si wa aina inayoingia kwenye fomu ya stoo.

Divine, ambaye sasa ndiye mkuu wa maabara yetu, ameniomba niwaandikie ninyi mnaobaki kumbukumbu za miaka yangu pale. "Muzehe, andika tu vile unavyotupigia kelele," alisema. Nitajaribu. Vyeo na mishahara nitaviacha. Nilipanda polepole kama maji yanavyopanda kwenye karatasi ya kuchujia, na hakuna cha kujifunza hapo. Nitaandika juu ya mirija ya kioo, mafuta, maji, na mwanamke mmoja ambaye jina lake hamlijui ingawa kila siku mnafanya kazi kwa namna yake.

Nilifika Kigali nikiwa na shahada ya kemia niliyoipata Dar es Salaam, Kinyarwanda cha nyumbani kilicholelewa ukimbizini Karagwe, na Kiswahili ambacho watu wa mtaa wa Nyakabanda walisema kinafanana na taarifa ya habari. Kiwanda kilikuwa hukohuko, nyuma ya mafundi wa kuchomelea mageti. Kukiita kiwanda ni kukipa heshima: lilikuwa banda lenye matangi mawili, na pembeni chumba kilichowahi kuwa cha kuokea mikate. Hicho ndicho kilikuwa maabara. Tulitengeneza dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya kuua kupe. Sumu ya kupe haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta, na mfugaji anataka kuichanganya na maji kwenye ndoo. Kazi yetu yote ilikuwa kuyashawishi mafuta na maji yakae chumba kimoja bila kugombana, yabaki hivyo njiani, dukani, mpaka kwa mfugaji.

Siku ya kwanza nilimkuta Mama Olive. Jina lake kamili ni Veneranda Mukamana. Olive ni binti yake wa kwanza. Alikuwa fundi wa maabara, amenizidi kama miaka kumi na mitano, mzaliwa wa Bukavu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule, kikiwa kimekaa Kigali muda mrefu kikachanganyika zaidi. Alikuwa ameketi mbele ya tangi la kioo, lile ambalo watu wenye nafasi hufugia samaki sebuleni. Ndani yake kulikuwa na maji, koili ya kupashia joto, kipimajoto, na mirija kama thelathini iliyozibwa, imesimamishwa kwenye ubao wenye matundu.

"Wewe ndiye diplome mpya?" aliuliza bila kugeuka, akimaanisha mwenye shahada.

"Ndiyo. Naitwa Faustini."

"Karibu, Diplome. Kaa kule. Usiguse meza."

"Kwa nini?"

"Mirija inalala."

Nikaona nioneshe ucheshi. Nikamuuliza samaki wako wapi. Akageuka sasa, akanitazama juu mpaka chini kama mtu anayepokea mzigo usio wake, akasema, "Samaki iko kwa karatasi."

Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma, nikachomoa mrija mmoja nikautikisa ili nione vizuri. Hakupiga kelele. Aliuchukua mkononi mwangu, akaurudisha kwenye maji, akaandika saa upya. "Sasa umeniamshia mtoto," alisema. "Tutangoja tena mpaka kesho." Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza katika kiwanda hicho: kuharibu kazi ya siku nzima kwa sekunde mbili.

Aliyonifundisha katika wiki zile nilikuwa nimeshayasoma chuoni, na sikuwa nimeyaelewa. Emulsifaya, yaani kile kinachounganisha mafuta na maji, tuliyotumia ni ya ile aina isiyo na chaji ya umeme. Mama Olive alinieleza hivi: "Iko na kichwa na mkia. Kichwa inapenda maji, mkia inapenda mafuta. Kukiwa baridi, anakaa kwa maji. Joto ikipanda, kichwa inachoka na maji. Anahama."

"Anahamia wapi?"

"Kwa mafuta, iko wapi pengine? Na kukipoa anarudi kwake, utafikiri hakuhama."

"Na katikati? Kabla hajahama?"

"Katikati hajui aende wapi. Anajitengea chumba yake."

Ni kweli kabisa. Katikati ya baridi na joto, mrija unagawanyika tabaka tatu: mafuta juu, maji chini, na katikati tabaka la emulsifaya lililoshika kidogo cha huku na kidogo cha kule. Ukiongeza emulsifaya ya kutosha, chumba hicho cha katikati kinameza vyote viwili, na mrija mzima unakuwa kitu kimoja, mwangavu kama maji ya mvua. Hapo ndipo tulitaka dawa yetu ikae.

Kwenye karatasi ya miraba alikuwa akiandika joto kwa wima na kiasi cha emulsifaya kwa ulalo. Kila mrija, kwa kila nyuzi, alitia nukta na idadi ya tabaka alizoona. Ukimaliza, nukta za tabaka tatu zinafanya umbo la mwili, kichwa kikielekea kushoto, na nukta za tabaka moja zinatanuka kulia kama mkia. Huyo ndiye samaki. Mwili unapokutana na mkia, alitia nukta ya wino mwekundu: hapo ndipo emulsifaya kidogo kuliko yote inatosha. Dawa yetu tuliiweka ndani kidogo ya mkia. Mwenye kiwanda, ambaye sote tulimwita patroni, alipenda tuisogeze karibu zaidi na ile nukta, kwa kuwa emulsifaya ndiyo iliyotoka mbali na ndiyo iliyokuwa ghali. Lakini ukisogea huko, mkia unakuwa mwembamba: nyuzi chache tu juu au chini na umeshatoka nje ya samaki.

Mama Olive alikuwa na namna zake, na mimi nilizicheka kwa miezi kadhaa kabla ya kuzifuata. Kila pipa jipya la emulsifaya lilichorewa samaki wake, hata kama jina kwenye lebo ni lilelile. "Lebo ni jina ya ukoo," alisema. "Haisemi mtoto yukoje." Alikuwa sahihi. Vichwa vya emulsifaya havitoki na urefu mmoja. Kiwanda kinachotengeneza kinakupa wastani, na wastani unaweza kuficha mengi. Vichwa vikiwa vifupi kidogo, vinachoka na maji mapema, na samaki mzima anashuka chini kwenye karatasi. Kuchora samaki mmoja kulitaka siku tatu, nne.

Namna yake nyingine ilihusu daftari. Kosa halikufutwa. Lilipigwa mstari mmoja tu, ili lisomeke, na pembeni uliandika herufi za jina lako na tarehe. Siku niliyofuta namba kwa ufutio alinirudishia ukurasa. "Umeficha nini hapa?"

"Nilikosea tu, Mama Olive. Niliandika ishirini na sita badala ya ishirini na nane."

"Basi onesha umekosea. Kukosea si kitu. Ile yenye imefichwa ndiyo itatuua."

Mwisho wa kila ukurasa kulikuwa na nafasi mbili: aliyesoma mirija, na aliyekagua. Lazima wawe watu wawili. Kwa miaka sita ilikuwa V.M. amesoma, F.K. amekagua, ukurasa baada ya ukurasa, na sikumbuki kazi iliyowahi kunifurahisha zaidi. Kuna mara mteja wa Bugesera alirudisha dawa iliyogeuka uji mweupe, akatuita wezi mbele ya geti. Mama Olive alinusa jerikani lake, akauliza, "Hii ilibeba mafuta ya kupikia, eeh?" Yule bwana akasema ni kidogo tu, ya chini chini. Hiyo kidogo ilitosha kuisukuma dawa nje ya mkia. Tulicheka mpaka patroni akatoka ofisini kuja kuuliza nani amekufa.

Sasa nafika mahali nilipokuwa napakwepa.

Siku moja ya Ijumaa Mama Olive alipata habari kwamba dada yake amefariki Bukavu. Ruhusa rasmi ilitaka barua na sahihi ya patroni, na patroni alikuwa safarini. Nikamwambia aende, hilo la ruhusa nitaliangalia mimi. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wake kwenye karatasi. Wiki nzima nikamsainia kitabu cha mahudhurio, Jumatatu mpaka Ijumaa, ili asikatwe siku. Nilijiona mtu mwema sana.

Wiki hiyohiyo likaja pipa jipya la emulsifaya. Patroni akapiga simu: ushirika wa wafugaji kule Nyagatare unataka mapipa mawili ya dawa, lori litapakia Alhamisi. Nilisoma lebo. Jina lilelile, muuzaji yuleyule. Nilichanganya kidogo kwenye chupa, nikaiweka dirishani, ikawa mwangavu kabisa. Kigali ina hali ya hewa ya upole. Maabara yetu haikuwahi kupita nyuzi ishirini na tano. Nikafungua ukurasa wa nyuma wenye samaki wa pipa lililopita, nikamnakili. Nukta kwa nukta, kwa rula, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya misheni. Palipoandikwa aliyekagua nikatia F.K. Palipoandikwa aliyesoma, kwa kuwa kanuni ilitaka watu wawili, nikatia V.M.

Sikuona nimedanganya. Niliona nimejaza fomu.

Yaliyotokea Nyagatare niliyapanga kichwani baadaye, kipande kwa kipande. Pipa la kwanza lilisimamishwa kwenye stoo ya mabati, lenye bomba chini, na wafugaji wakawa wanakuja na chupa zao mchana wa jua. Pipa letu jipya la emulsifaya lilikuwa na vichwa vifupi. Kwenye joto la mabati yale samaki wake alikuwa ameshashuka, na dawa ikawa imetoka mkiani kwa upande wa juu. Emulsifaya ilihamia kwenye mafuta pamoja na sumu yote, na maji yakajitenga yakalala chini, kwenye bomba. Wafugaji wa mwanzo walipeleka nyumbani maji yenye harufu ya dawa. Kupe wao hawakujua kama wameogeshwa. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja aitwaye Rutabana, ambaye alichelewa kwa sababu anakaa mbali. Yeye alipata mafuta matupu.

Alikuja Kigali mwenyewe. Nilitegemea kelele, yule wa Bugesera alikuwa amenizoesha. Alikaa kwenye benchi la nje, kofia magotini, akaniuliza kama mimi ndiye ninayetengeneza dawa. Nikasema ni mimi na wenzangu.

"Nilikuwa na Bihogo," alisema kwa Kinyarwanda, taratibu, kama mtu anayetambulisha watoto wake kwa mgeni. "Na Gaju. Na Gitare. Na ndama wa Gitare. Huyo tulikuwa bado hatujampa jina."

Akainuka, akavaa kofia, akaenda kutafuta basi lake kituoni Nyabugogo.

Kikao kilifanyika ofisini kwa patroni. Alikuwepo daktari wa mifugo aliyetoka Nyagatare, Mama Olive aliyekuwa bado amevaa nguo za msiba, na mimi. Chupa ya Mzee Rutabana ilikuwa mezani, na daktari alisema sumu iliyomo, iliyoua ng'ombe wake, imezidi mara nyingi ile iliyoandikwa kwenye lebo. Pembeni yake kulikuwa na sampuli kutoka pipa la pili, lililorudishwa bila kufunguliwa. Hiyo ilikuwa mwangavu, haina kasoro. Barabara ilikuwa imelitikisa pipa hilo njia nzima, na Kigali ilikuwa imelipoza. Emulsifaya ilikuwa imerudi kwake, utafikiri haikuhama.

Kwa hiyo dawa yenyewe ilionekana nzuri, na kosa likaonekana ni la aliyepaswa kuisoma kabla ya pipa la kwanza kujazwa. Patroni alifungua daftari.

"Mama Olive, hizi herufi ni zako?"

Alivaa miwani. Aliutazama ukurasa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma herufi mbili. "Herufi ni zangu. Mkono si wangu."

"Maana yake nini?"

"Wiki ile nilikuwa Bukavu, patroni. Nilizika dada yangu."

Patroni akafungua kitabu cha mahudhurio. "Hapa inasema ulikuwa kazini. Jumatatu mpaka Ijumaa."

"Faustini ndiye alinisainia. Alinisaidia." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu.

Wote wakanigeukia. Patroni aliuliza, "Faustini?"

Mnapenda kusema kwamba mimi hufikiri haraka. Siku ile nilifikiri haraka kweli. Nilifikiri kwamba nina watoto wawili wadogo. Nilifikiri pia kwamba kibali cha kiwanda kinataka mkemia mwenye shahada, hivyo hata nikisema, labda nitasalia. Na labda nisisalie.

"Sikumbuki vizuri, patroni," nilisema.

"Hukumbuki?" Mama Olive aliuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kwa sauti ileile aliyoitumia nilipomsomea mrija vibaya. "Angalia tena, Diplome."

"Sikumbuki."

Akamgeukia patroni. "Basi pasha hiyo sampuli. Iweke kwa tangi, nyuzi arobaini, ngoja asubuhi. Utaona."

Patroni, ambaye kemia yake iliishia kwenye ankara, aliniuliza kama kuna haja. Na hapa sikuweza kusingizia kumbukumbu. Nilisema, "Mchoro wake upo tayari, patroni. Unaonesha inakaa vizuri mpaka arobaini na mbili."

Nilimwonesha samaki wangu.

Mama Olive aliachishwa kazi siku hiyohiyo, na hakurudi maabara ila kuchukua mkoba wake. Alivua koti, akalikunja mara nne, akaliweka juu ya kiti. Mlangoni alisimama. "Mrija wa tatu, kutoka kushoto," alisema. "Usiutikise. Bado inalala."

Kesho yake nilifunga mlango, nikatia ile sampuli kwenye tangi, nikapandisha mpaka nyuzi thelathini na nane. Sikuhitaji hata kungoja asubuhi. Kufikia mchana maji yalikuwa yameshuka chini, mstari umenyooka kama uliochorwa. Nilikaa nikautazama. Kisha nikautoa mrija, nikausimamisha dirishani, na kadiri ulivyopoa mstari ulififia, ukayumba, ukapotea. Nikautikisa kidogo. Ukawa mwangavu kama macho ya mtoto. Nikaumwaga kwenye sinki, na daftarini sikuandika kitu.

Baada ya hapo nikawa fundi mwangalifu. Hilo ndilo jambo linalonikera kuliko yote katika historia hii. Sikuacha pipa lipite bila samaki wake. Nilichora siku nne, nilichora siku tano, patroni alinung'unika na wateja wakanung'unika, nami sikutikisika. Tulipohama kutoka Nyakabanda kwenda jengo jipya, nililibeba tangi la kioo mapajani mwangu mwenyewe. Tulipoanza kuuza mikoa yenye joto, hakuna pipa letu lililowahi kutengana tena. Vijana wakaja, nikawafundisha: usitikise, ngoja, kila pipa na samaki wake, kosa lipigwe mstari mmoja. Walidhani ni mimi niliyeyatunga. Mara ya kwanza mtu alipoyaita kanuni za Faustini nilifungua mdomo nimsahihishe, kisha simu ikalia. Mara ya pili hakukuwa na simu, na nilinyamaza hivyohivyo.

Mama Olive nilijua alipo. Alikuwa mtaa wa Kabeza, akitengeneza sabuni ya maji nyumbani na kuyauzia maduka madogo madogo ya huko. Mke wangu aliileta siku moja bila kujua, chupa ya maji iliyotumika tena, sabuni ya kijani ndani yake. Niliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Hakuna ukungu, hakuna mstari. Niliiacha juani kwenye ukuta wa uani mpaka saa tisa mchana, ikabaki vilevile. Tangu hapo tulioshea vyombo sabuni yake miaka mingi, na mimi niliyaita hayo, moyoni, kumuunga mkono. Mara moja nilimwona Nyabugogo akisimamia wapakiaji wamfungie majerikani yake vizuri juu ya basi. Alikuwa ananiangalia, au alikuwa anaangalia basi lililo nyuma yangu. Sikungoja kujua.

Mnaikumbuka sherehe ya kuniaga, mlikuwepo. Fanta, sambusa, keki yenye jina langu lililokosewa. Divine akasimama, akasema maneno mazuri kuhusu kanuni zangu, kisha akavua karatasi ya maua kwenye zawadi. Ilikuwa fremu, na ndani yake nakala ya mchoro wa samaki kutoka daftarini.

"Tulipekua madaftari yote ya zamani, Muzehe," alisema. "Huyu ndiye msafi kuliko wote. Hakuna hata nukta moja iliyopotea njia. Hivi ulikuwa unafanyaje?"

Mkapiga makofi.

Samaki wa kweli hawawi wasafi, Divine. Nukta zao huyumba, mrija mmoja husomwa mara mbili, kuna mistari ya makosa pembeni na herufi za watu. Huyo alikuwa msafi kwa sababu hakuna mrija hata mmoja uliosomwa. Mlinining'inizia kosa langu kwenye fremu yenye kioo, nami nikalipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikakata keki.

Ndiyo maana siku iliyofuata nilikuja kukuomba daftari la asili, nikakudanganya kwamba nataka kumbukumbu. Nililipeleka nyumbani. Nilipiga mstari mmoja juu ya V.M., nikaandika F.K. pembeni. Chini ya mchoro niliandika: Hakuna mrija uliosomwa. Samaki huyu amenakiliwa kutoka pipa lililotangulia. V.M. hakuwepo kazini. Sentensi tatu. Ziliniumiza mkono kuliko ripoti zote nilizowahi kuandika.

Kisha nikaenda Kabeza.

Yupo, amezeeka, goti moja linamsumbua. Alikuwa uani akijaza chupa kwa faneli, na alinitambua kabla sijasalimia.

"Diplome. Umekonda."

"Muraho, Mama Olive. Nimestaafu."

"Nimesikia. Kaa kule." Kisha, baada ya kuziba chupa: "Usiguse meza."

Sikujua kama ni mzaha. Nilikaa, nikamtolea daftari, nikalifungua kwenye ukurasa. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, maneno mazuri ya Kiswahili cha redio, nikayaacha yote. Alifuta mikono kwenye kitenge, akavaa miwani, akasoma. Alisoma mchoro wote, kuanzia kichwa mpaka mkia, kama anavyosoma kazi ya mtu mgeni. Akafika chini.

"Hukuweka tarehe," alisema.

Nikatoa kalamu. Nilianza kuandika ile iliyo juu ya ukurasa, na akauzuia mkono wangu kwa kidole kimoja.

"Ile iko tayari. Ya leo. Andika siku umesahihisha."

Nikaandika ya leo. Zikawa mbili kwenye ukurasa mmoja, ya juu na ya chini, na yeyote anayejua hesabu ya kutoa anaweza kupata miaka iliyopo katikati. Yeye aliziangalia zote mbili. Kisha akauliza, "Na yule mzee wa ng'ombe?"

"Sijui kama yuko hai."

"Ulimtafuta?"

"Hapana."

"Basi haijaisha." Akafunga daftari, akanisukumia. "Rudisha hii kazini. Hapa kwangu ni ya nini? Hapa ni sabuni."

Sikusamehewa, kama mlikuwa mnangoja hilo. Sikuuomba msamaha pia, ungekuwa fomu nyingine ya kujaza. Aliponisindikiza mpaka getini, kwa kuwa ndivyo mgeni anavyofanyiwa, alinipa chupa moja ya sabuni, akaniambia niiweke mbali na jua. Nikasema nilishaijaribu juani, inastahimili. Akanitazama. "Najua," alisema. "Nilichora samaki yake."

Divine, daftari liko ndani ya bahasha hii pamoja na barua yangu. Lirudishe kwenye rafu yake. Fremu nimeirudisha pia. Itoeni karatasi, mtie nyingine, samaki mchafu yeyote mtakayemchora ninyi wenyewe. Na kanuni zile muwe mnaziita kwa jina la mwenyewe. Mimi Jumatatu nakwenda Nyabugogo kupanda basi la Nyagatare, kuuliza kama kuna anayemjua mzee aitwaye Rutabana, au watoto wake. Majina ya ng'ombe nayakumbuka yote. Kumbukumbu yangu haijawahi kuwa na tatizo.